Mafundi wa chokaa Mwanza: nyumba ya matofali ya babu wameiokoa, nawapa 4 kati ya 5

Kama una nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma hapa Mwanza au popote kandokando ya ziwa, na fundi kakwambia ukuta umeoza bomoa tu ujenge bloku, naomba usome hii kabla hujatoa hela ya kubomolea. Kuna kikundi cha mafundi wanne, mzee mmoja wa Ukerewe na vijana wake watatu, kijiwe chao kiko Mabatini, kazi yao ni nyumba za aina hii tu, na kazi waliyoifanya kwenye nyumba yetu sijaiona kwa fundi mwingine yeyote mjini hapa. Hawana ofisi wala ukurasa mtandaoni ndo maana nimeona niandike kirefu.

Nyumba yenyewe iko mitaa ya nyuma ya Makoroboi kuelekea mto Mirongo. Babu aliinunua alipokuwa karani wa pamba VFCU, ule muungano wa vyama vya ushirika ulioundwa 1955 chini ya Paul Bomani ambao baadae ukaja kuwa Nyanza, akamnunulia mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa anahamia Nairobi. Ni nyumba ya chini tu, haina ghorofa, mbele kuna chumba kirefu kilichokuwa duka, nyuma vyumba vya kulala na uani jiko na stoo. Baraza la mbele linashikwa na nguzo za mvule ambazo mpaka leo hazijaguswa na mchwa. 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, sisi hatukuguswa maana babu alikuwa anaishi humo humo na thamani yake haikufika huko. Majirani zetu karibu wote walihamia kwenye nyumba za Msajili, na baadae zikaenda Shirika la Nyumba, nyingi mmeziona zimeshashushwa zimepandishwa ghorofa za vioo.

Sasa tatizo. Miaka ya nyuma ukoo ulileta mkandarasi, simtaji, akapiga plasta ya simenti nje yote na ndani nusu ukuta, juu akapaka rangi ya mafuta. Ilipendeza kweli ule mwaka wa kwanza. Baada ya masika mbili tatu plasta ikaanza kuvimba, ukiigonga inatoa sauti ya uwazi, chini kwenye kimo cha goti ikawa inatoa unga mweupe wa chumvi, na nyuma yake tofali linamenyeka linabaki jekundu laini kiasi cha kulikwangua kwa kijiko. Juu ya dirisha la duka tao likapasuka. Mafundi wawili tofauti wakasema hii nyumba imekwisha. Mama mdogo akakataa kabisa kusaini, akasema nyumba aliyozaliwa haibomolewi kwa maneno ya watu wawili, ndo akapewa namba ya huyu mzee na mama mmoja wa pale kanisani kwao.

Mzee alipokuja hakutoa bei. Alitusalimia vizuri, akaomba maji ya kunywa, akamwambia mama mdogo "mama niruhusu niiulize nyumba yako maswali", akaanza kuzunguka na patasi ndogo na msumari. Akabandua kipande cha plasta kama sahani hivi, akalowesha kidole akagusa kile kilichoko kati ya tofali na tofali, akatuita tuone. Usoni, kina cha kama kidole, ni chokaa na mchanga. Ndani zaidi ni udongo, udongo wa kawaida mwekundu uliokanyagwa vizuri. Akatueleza kwamba wajenzi wa zamani huku ziwani walifanya hivyo sana kwasababu chokaa ilikuwa ghali, mawe ya Mwanza ni matale haya ya graniti, huwezi kuyachoma ukapata chokaa, kwa hiyo chokaa ilitoka mbali na ililetwa kidogo kidogo. Wakaiweka pale mvua inapopiga tu.

Na hapo ndo akatufafanulia kilichoiua nyumba, na mimi naomba niwaelezee na nyie maana hii ndo sababu kubwa ya kuandika. Tofali la kuchoma linanyonya maji. Maji yanapanda kutoka ardhini, hasa mitaa kama yetu iliyo karibu na Mirongo, na nyumba nyingi za wakati ule hazina kile kizuizi cha unyevu tunachowekea msingi siku hizi, ile DPC. Zamani maji yalipanda, yakatokea kwenye viungo vya chokaa, jua na upepo wa ziwa vikayakausha, basi. Chokaa inapitisha unyevu na ni laini kuliko tofali, ikichakaa unaijaza tena, tofali linabaki. Simenti ni ngumu kuliko tofali na haipitishi, so maji yanakwama ndani, yanatafuta njia kupitia tofali lenyewe, chumvi inaganda nyuma ya uso wa tofali na kuusukuma utoke. Afu katikati ya ukuta udongo unalowa na kulegea, nyumba inashuka kidogo, simenti haijui kujongea inapasuka, mpasuko unaingiza mvua, na mzunguko unaanza upya. Rangi ya mafuta juu yake ndo ikafunga kabisa. Yani ukuta ulikuwa umevalishwa koti la mvua kwa ndani. Bibi alikuwa anatusimulia mvua za 1961, zile zilizopandisha ziwa hadi kufika 1964 likawa limepanda zaidi ya mita 2, kwamba hata wakati huo kuta zililowa zikakauka zenyewe. Tulikuwa tunasikiliza tu kama hadithi ya mvua kubwa.

Kazi ilianza kwa kubandua. Hawatumii grainda, hili nimelipenda sana, vijana wawili walitaka kuleta ya kukodi ili waende haraka mzee akawakatalia mbele yetu kwasababu grainda inakula kona za tofali na kona ikishaliwa huirudishi. Kila kitu patasi na nyundo ndogo. Vumbi ni jingi, kama una mgonjwa wa kifua ndani mhamishe, msidanganyane kwamba mtaziba mlango kwa shuka.

Na plasta ilipotoka ndo tukaiona nyumba yetu kwa mara ya kwanza. Ukuta wa nje una unene wa tofali moja na nusu, kama inchi 13 na nusu, na umefungwa kwa mpangilio ambao kozi moja, yani mstari mmoja wa matofali, yamelala kwa urefu na kozi inayofuata yote yametoa kichwa nje, urefu, kichwa, urefu, kichwa mpaka juu. Mzee anasema mpangilio huu unakula matofali mengi ila ndo wenye nguvu kuliko yote kwasababu vichwa vinashona uso wa nje na wa ndani, ndo maana ukuta ulisimama japo katikati udongo ulishalegea. Juu ya kila dirisha hakuna linta ya zege hata moja, ni tao la matofali yaliyosimamishwa wima na kuchongwa kidogo upande mmoja ili yabanane. Chini ya paa kuna mstari wa matundu yaliyoachwa makusudi kwa kuruka tofali, hewa ya moto inatokea huko, na mkandarasi yule alikuwa ameyaziba yote. Tulikuwa tunalalamika nyumba ina joto tunawasha feni mchana kutwa!!

Kitu kilichonitoa machozi kiko juu ya mlango wa duka. Chini ya plasta kulikuwa na kibao cha chokaa kimefinyangwa maua pembeni, katikati maandishi ya Kigujarati na mwaka. Namba ya mwisho imevunjika, inasomeka 192 tu. Kwa hiyo ni nyumba ya miaka ya 1920, na hapo mjadala ukaanza nyumbani mpaka usiku, kwamba mali zake zilikuja kwa njia gani. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Kama ni kabla ya hapo basi bati na misumari na vioo vilipita Mombasa, vikapanda reli ya Uganda ambayo ilishafika Kisumu tangu 1901, kisha vikavuka ziwa kwa meli za wakati ule, akina Clement Hill, Usoga na Rusinga. Watu wanaona Mwanza ni ya reli ya kati tu lakini huu mji ulioanza kama kituo cha Wajerumani 1892 uliishi miaka mingi ukitazama Kisumu na Mombasa kuliko Dar, na wafanyabiashara wa Kihindi wengi walifuata njia hiyo hiyo ya reli na meli. Mjomba yeye anashikilia ni baada ya reli. Mimi naona ni njia ya Kisumu na meli. Matofali yenyewe hayana ubishi, yamechomwa huku huku, mzee alituonyesha alama nyeusi za kuni kwenye baadhi na vidole vya mtu aliyelibeba tofali likiwa bichi. Vidole vitatu, vimeingia kabisa, unaweza kuweka vya kwako.

Ufundi wa kuchoma tofali huku ni wa siku nyingi, misheni zilichangia sana. Mapadri Weupe walikuwa Bukumbi tangu 1883, na ukienda misheni yoyote ya zamani ya ziwa kuanzia Ukerewe hadi Kagera utakuta kanisa na nyumba za mapadri ni matofali ya hapo hapo. Mzee wetu alijifunza kwa baba yake aliyekuwa anakarabati majengo ya misheni kule Ukerewe, na baba yake kwa mtu mwingine huko huko.

Turudi kwenye huduma. Matofali yaliyokufa wanayatoa moja moja na kuweka mengine, na hapa utafutaji ni mgumu maana tofali la sasa la tanuru vipimo vyake havilingani na la zamani na mengi hayajaiva. Walitupeleka kwa mtu anayeuza matofali ya nyumba zilizobomolewa, tukayachagua kwa mkono. Mzee anagonga mawili pamoja, yakilia kama chuma yameiva, yakitoa sauti butu weka pembeni. Anakwangua kwa msumari. Machache aliyapima kwenye mizani ya duka, akayalaza kwenye ndoo ya maji mpaka kesho yake saa ile ile akayapima tena, likiongezeka uzito zaidi ya moja ya tano analikataa. Nimewahi kununua matofali ya kujengea kwangu Buswelu na sijawahi kuona fundi anapima tofali kwa mizani.

Chokaa ni ya mifuko ya hadwea ila hawaitumii siku hiyo hiyo. Inalowekwa kwenye pipa, inafunikwa na maji juu, inakaa wiki kadhaa mpaka iwe laini kama siagi, ndo inachanganywa moja kwa mchanga tatu, mchanga mkali uliooshwa sio wa ufukweni. Sehemu za chini zenye unyevu wanaongeza unga wa matofali yaliyosagwa, hiyo inaifanya chokaa ishike hata penye maji maji. Kiungo kinachokolewa kina cha kama sentimita 2 na nusu, kinaloweshwa, kinajazwa, kinakandamizwa na kile kichuma chembamba, afu kinafunikwa gunia bichi ambalo lazima limwagiwe maji asubuhi na jioni kwasababu chokaa haikauki kama simenti, inavuta hewa ya ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe, ukiiacha jua la mchana la Mwanza liipige inakuwa unga. Kumwagia magunia walituachia sisi, jipangeni na mtu wa nyumbani.

Tao lililopasuka walilisimamisha kwa mirunda, wakalishusha tofali moja moja wakiyaandika namba kwa chaki, wakalirudisha vile vile. Halijatikisika.

Sasa niseme na mabaya maana nawapa 4 sio 5. Kwanza ni wa taratibu mno. Chokaa inataka muda nakubali, lakini kuna siku walikuwa hawaji kabisa, simu haipokelewi, kumbe wameitwa mazishini Ukerewe na hakuna aliyetutumia hata meseji. Mama mdogo alikasirika ikabidi mzee aje na kuku kuomba radhi, yakaisha. Pili hawana makadirio ya maandishi. Bei ilikuwa ya siku, 35,000 kwa mzee na 20,000 kwa kila kijana, vifaa juu yetu, na huwezi kujua mwisho itafika wapi. Jumla ilikuwa nafuu ukilinganisha na kubomoa na kujenga, ila kwa mtu wa bajeti ya kubana ni presha. Tulichofanya ni kugawa kazi kwa kuta, ukuta mmoja unaisha tunalipa tunakagua tunaingia mwingine, na nawashauri mfanye hivyo. Tatu risiti hakuna, daftari la vifaa tulishika wenyewe. Nne kifusi walikiacha uani, ikabidi tuite kirikuu kibebe kwa hela zetu.

Na kuna kazi hawafanyi. Umeme na bomba hawagusi, na paa walilikagua tu wakasema bati la zamani lina unene ambao hupati tena, msitoe, zibeni matundu na mbadilishe gata. Tumewasikiliza. Gata mpya ilifungwa na fundi mwingine na maji ya paa sasa yanaenda tanki badala ya kumwagika kwenye mguu wa ukuta, mzee anasema hilo peke yake ni nusu ya dawa.

Matokeo: masika imepita. Ile chumvi nyeupe ilitoka kidogo mwanzoni, mzee alishatuambia itatoka tuifagie kwa brashi kavu tusiioshe na maji, na sasa imepungua sana. Harufu ya uvundo kwenye chumba cha bibi imeisha. Matundu ya juu yamefunguliwa, mchana feni haiwashwi. Ndani tumepaka chokaa ya maji iliyotiwa rangi ya udongo kidogo, ukiegemea shati linachafuka kidogo, wenye watoto mlijue hilo. Nje tumeacha matofali wazi, na kila siku mtu anasimama pale barabarani anapiga picha kile kibao cha Kigujarati. Mzee mmoja wa Kihindi alitusomea, ni jina la mwenye nyumba na maneno ya baraka, akakaa barazani kunywa chai na mama mdogo karibu saa nzima.

Naandika kwa uchungu kidogo hapa mwishoni. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Huku ziwani nyumba za matofali karibu zote ni za baada ya hapo, kwa hiyo mpaka waziri aitangaze ndo inalindwa, na zikibomolewa hakuna anayeulizwa. Angalieni nyumba ya Gunzert, yule mkuu wa wilaya wa Kijerumani, ilivyoachwa kilimani na mandhari yote ile ya ziwa. Angalieni mitaa ya katikati, vibao vyenye majina na miaka vinaisha. Aliyebaki wa kuzilinda ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba anamtegemea fundi anayemwambia ukweli kwamba ukuta haujaoza, umezibwa pumzi. Mafundi wa hivyo hapa mjini ni wachache sana na huyu mzee ana umri mkubwa. Kijana wake mmoja ana mkono mzuri kweli wa matao, mpeni kazi ili asiende kupiga bloku.

Kuwapata: fika Mabatini asubuhi kabla ya saa mbili, uliza mafundi wa chokaa, mtu yeyote wa hapo atakuonyesha. Usiende na picha ya simu, mzee haangalii picha, anataka aje aguse. Mpe nauli na maji ya kunywa. Kama unataka kazi ifanyike kabla ya vuli wawahi mwezi wa sita au wa saba, maana pipa la chokaa linahitaji kuanza kulowekwa mapema na Oktoba mvua zikianza hawafungui ukuta wa nje kabisa. Kwa sasa najua wana nyumba nyingine Igogo, wakimaliza hapo wanarudi kwetu kufanya stoo ya uani.